Posa Iliyopigwa Juu ya Kichuguu

Wadau, mke wangu aliposwa juu ya kichuguu, na aliyemposa si mimi.

Tulieni niwape mkasa.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Kwetu Bonga mtandao wa simu ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko la mama. Jumapili watu wakitoka kanisani, foleni. Unapanda, unaongea kwa kupiga kelele, na walioko chini wanasikia kila kitu.

Jumapili hiyo nilikuwa na presha. Vailet, mwalimu niliyempenda, alikuwa kwao Singida, na kuna jamaa kapeleka posa. Akanitumia meseji: "Sosthenes, kama una neno nipigie leo. Kesho wazee wanamjibu mwenzio."

Nikapanda. Foleni ikatega masikio, wambea wakubwa!

"Haloo, Vailet? Nilitaka kukuuliza..."

Simu ikazima. Chaji imekwisha.

Nilitamani kulia, sitanii.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa jirani yetu Mama Paskasi, mtu wa Mbulu.

"Shikamoo mama. Niazime simu yako, nakufa!"

"Marahaba. Hebu shuka. Tangu lini kijana akajiposea mwenyewe?"

Akapanda yeye. Nikamtajia namba, akapiga.

"Hujambo mwanangu? Mimi jirani wa kina Sosthenes. Mvua huko zimenyesha? Baba mzima? Ng'ombe wanapata majani?"

"Mama, vocha itaisha!"

"Nyamaza wewe, nasalimia."

Akaendelea. Ndama. Bibi. Mguu wa bibi. Akafika kwenye mbaazi, akacheka sana, kisha akaitoa simu sikioni. Vocha imekwisha.

Nikakaa chini kwenye vumbi na shati langu la kanisani. Vailet ndiye huyo anaondoka.

"Amekubali," Mama Paskasi akasema, akinishika bega ili ashuke.

"Amekubali nini? Hujamuuliza kitu!"

"Nimemuuliza kama mbaazi za mama yako atakuja kuzivuna. Kasema atavuna mwaka huu na miaka yote."

Kina mama wakapiga vigelegele. Kumbe foleni nzima ilishaelewa, mimi tu ndiye niliyekuwa nimelala.

Siku hizi minara ipo hadi Bonga, kila mtu na bando lake, na vijana wanaposa kwa meseji. Safi sana, mimi mwenyewe siwezi kurudi kwenye kichuguu.

Ila juzi nilimuuliza Vailet: chaji ingetosha, ungenijibu nini?

"Ningekwambia nipe muda nifikirie."

Kwa hiyo wadogo zangu, simu mnazo. Kwa jambo zito, mpeni anayejua kusalimia.