Kiti Nyuma ya Bega

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, Estella Nimbona alipokea barua pepe iliyomjulisha kuwa amekosa ufadhili wa masomo. Alikuwa saluni, katikati ya jiji la Durban. Aliisoma mara mbili, akamaliza kichwa alichokuwa anasuka, ndipo akamwonyesha mwenye saluni, Mama Élisabeth, Mkongomani wa Uvira.

"Banasema nini?"

"Eti sijajieleza vya kutosha."

"Wewe? Unayetusemea sisi wote kule kliniki? Eish! Hao batu iko na akili kweli?"

Swali hilo ni la haki. Ufadhili ulitangazwa na taasisi binafsi inayofundisha matibabu ya akili kwa dawa zinazobadili fahamu kwa muda. Katika kliniki yake hutumika ketamini, dawa ya usingizi ya upasuaji inayotolewa kwa kipimo kidogo mbele ya daktari, kwa watu ambao hofu au huzuni yao imeshinda vidonge vya kawaida. Nafasi nne za bure zilitengwa kwa wale ambao fani hii imewasahau, wakimbizi wakitajwa kwanza.

Estella ni Mrundi, mkimbizi. Alisoma saikolojia Bujumbura, lakini shahada yake haijatambuliwa hapa, kwa hiyo anasuka nywele. Kwa miaka mitatu sasa kliniki hiyo imekuwa ikimwita kila anapofika mgonjwa wa Kirundi au Kiswahili. Cheo chake ni mkalimani. Cheti cha mafunzo kingemruhusu kuketi na wagonjwa hao kama mtoa tiba, kazi ambayo tayari anaifanya bila jina.

Na anaifanya vizuri. Mwanzoni viti viliwekwa uso kwa uso, kama watoa tiba wanavyofundishwa. Wagonjwa walinyamaza. Estella alijua saluni inavyofanya kazi: mwanamke husema mambo yake mazito akiwa amempa msusi kisogo, hatazamwi machoni. Akasogeza kiti chake nyuma ya bega la mgonjwa, mkono ukiwa karibu kiasi cha kushikwa. Fundi wa kuchomelea vyuma kutoka mtaa wa Jacobs, aliyekaa kimya vikao viwili, siku hiyo alizungumza dakika arobaini.

Leo kiti hicho kimo katika kitabu cha mafunzo cha taasisi, ukurasa wa 41, pamoja na mchoro. Jina la Estella halimo.

Lililomkosesha nafasi ni video. Kila mwombaji wa ufadhili alitakiwa kujirekodi dakika tatu akisimulia jeraha lake. Estella alieleza kazi yake. Kaka yake Bonheur, aliyefia Burundi, alimtaja kwa sentensi moja. Baada ya barua pepe ile, mratibu wa ufadhili alimpigia simu.

"Video ni nzuri, mpenzi, lakini imejaa kazi. Kamati ilitaka kuhisi mahali ulipoumia. Huyo kaka yako, kwa mfano."

"Kaka yangu tulishamganduka."

Ikabidi aeleze. Kwao, mwaka mmoja hivi baada ya maziko, familia hukutana, hunywa pamoja na kuufunga msiba. Baada ya hapo jina la marehemu linatajwa, lakini kifo chake hakisimuliwi tena mbele ya wageni. Mratibu alisema anaheshimu sana utamaduni huo, kisha akampa hadi tarehe 28 arekodi upya.

Jinsi Bonheur alivyokufa haitaelezwa hapa pia.

Wanafunzi wanaojilipia karo, kwa mujibu wa fomu zao, hupeleka vyeti na barua mbili za wadhamini. Hakuna anayewauliza wameumia wapi. Jeraha linadaiwa kwa yule tu anayeingia bure, na taasisi inayouza utulivu wa akili haijaona ajabu yoyote katika hilo.

"Dada, si ulie kidogo tu?" Mama Élisabeth alimshauri. "Dakika tatu! Nipe hiyo simu, nitakulilia mimi. Nitalia na Kifaransa juu yake."

Wateja walicheka. Estella naye alicheka, kisha akasema, "Nikililia nafasi, nitakaaje nyuma ya mtu anayelia kweli?"

Tarehe 28 ilipita bila video mpya. Siku tatu baadaye alipata ujumbe mwingine: darasa linafunguliwa Pinetown, Jumatatu tarehe 7 Aprili, na anaombwa afike kama mkalimani awaonyeshe wanafunzi namna ya kuweka kiti.

Alijibu kwa mstari mmoja kwamba ukurasa wa 41 una mchoro. Jumatatu hiyo atafungua saluni saa mbili asubuhi, kama kawaida.