Chefe Alivyoanza Kujinyonyoa

Amisse alipokufa, ndugu zake waligawana vyombo vyake vya useremala: misumeno, randa, na ile meza nzito ya kukatia mbao. Kasuku hakutakiwa na mtu. Akaletwa na tundu lake mpaka chumbani kwa mjane, akatundikwa kwenye msumari kando ya dirisha lililofungwa.

Mjane huyo ni Zaida, mwenyeji wa Palma, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji. Kabla ya msiba alikuwa mtu wa sokoni. Aliuza vitumbua, na hakuna mpita njia aliyempita bila salamu. Sasa alikuwa amekaa eda, na wifi yake Alima, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka kijiji cha Olumbi kumsimamia. Alima hakuwa mtu mbaya. Alimpikia, alimfulia, aliwapokea wageni wa rambirambi. Ila sheria zake zilikuwa ngumu. Zaida asitoke hata uani. Asifungue dirisha. Asicheke mpaka sauti ikasikika nje.

"Watu wana macho, wifi yangu," alisema. "Sitaki jina la ndugu yangu litiwe midomoni."

Zaida akatii. Alikuwa hana nguvu ya kubishana. Alitoka chumbani kwenda msalani, kanga imemfunika mpaka usoni, kisha akarudi kwenye mkeka wake. Mchana ulimjia kama mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango.

Kasuku yule ni mdogo, wa kijani, kichwa rangi ya kahawia, wale wanaopatikana huku kwetu. Amisse alimwita Chefe, yaani bosi kwa Kireno, kwa sababu ndege huyo alimpigia kelele kila mteja aliyechelewa kuchukua kitanda chake. Maneno hakuyajua, lakini miluzi aliijua, na sauti ya msumeno aliiga vizuri hata watu wakageuka. Kutwa nzima alikuwa karakanani, anatembea juu ya meza, anatafuna vipande vya mbao, anakula papai mkononi mwa bwana wake. Joto likizidi, Amisse alimmwagia maji ya kopo, naye akajitikisa kwa furaha.

Chumbani hapakuwa na chochote cha kutafuna. Alipewa wali uliobaki. Udi ulifukizwa asubuhi na jioni kwa ajili ya wageni, na moshi ulikuwa hauna pa kutokea.

Unyoya wa kwanza Zaida aliuokota mkekani akadhani ndege anapukutisha tu, kama ilivyo kawaida. Kisha yakaanguka mengine. Akamtazama vizuri, akamwona anainamisha kichwa, anashika unyoya kwa mdomo, anauvuta mpaka unang'oka, na kuung'oa kunamuuma, maana analia. Halafu anashika mwingine. Haikupita muda mrefu kidari chote kikawa kitupu, chekundu, kimetapakaa vipele, kama kuku aliyetayarishwa kwa chungu.

"Huyo ana utitiri," Alima alisema. "Kuku wangu kule Olumbi nawapaka mafuta ya taa, wanapona."

Zaida akamshikilia ndege, Alima akampaka. Chefe alipiga ukelele ambao Zaida hajausikia tangu azaliwe. Kesho yake ngozi ilikuwa imebabuka, naye anajikuna mpaka damu inatoka. Zaida akachukua maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya kuogea, akamwosha polepole, akamfunga ndani ya kanga kuukuu. Akamweka kifuani, akausikia moyo wake unavyokwenda mbio. Hapo akalia kwa sauti. Alima alikuja mlangoni, akasimama, akarudi zake akidhani kwamba mwenziwe anamlilia mume.

Jioni ile Alima akasema la moyoni. "Ndege uchi ndani ya nyumba ya mjane ni uchuro. Mwachie aende."

"Akaende wapi, wifi? Hata kuruka hawezi. Paka watamla kabla hajafika mlangoni."

Toka hapo Alima alikuwa akipita chumbani bila kulitazama tundu.

Aliyeleta msaada ni Felismina, jirani yao, mama wa Kimakonde aliyehamia Palma kutoka bara wakati wa vita, ambaye sokoni aliuza nyanya kwenye meza iliyopakana na ya Zaida ya vitumbua. Alikuja kumjulia hali, akamwona Chefe, akashika kichwa.

"Mana, dada yangu Zaida, ndege huyu anakufa! Namfahamu mtu wa mifugo, Custódio, yule anayechanja kuku. Nitamwita."

"Mwanamume hawezi kuingia humu," Alima alisema.

"Basi atakaa uani. Ndege ndiye mgonjwa, atatoka yeye."

Ndivyo ilivyokuwa. Custódio akapewa kigoda uani, Felismina akalitoa tundu, Zaida akakaa nyuma ya pazia la mlango. Kupitia mwanya wa pazia alimwona Chefe akiguswa na jua. Ndege alitulia kabisa. Kisha akafungua bawa moja, taratibu, akalielekeza kwenye mwanga.

"Dona Zaida, pole kwa msiba," Custódio alisema, akimwita bibi kwa heshima ya Kireno. "Nikwambie ukweli, mimi ni wa kuku na mbuzi. Kasuku nimewasoma kidogo tu. Lakini tazama, kichwa chake kina manyoya yote. Hapo mdomo wake haufiki. Kwa hiyo anajinyonyoa mwenyewe." Akapitisha kitambaa cheupe kwenye kijiti anacholalia ndege, na kwenye pembe za tundu. "Utitiri ungeonekana hapa. Sioni. Nieleze, maisha yake yamebadilika vipi?"

Zaida akaanza kueleza. Karakana. Papai. Maji ya kopo. Mbao za kutafuna, wateja, kelele za barabarani. Alipofika kwa Amisse akajifuta macho kwa kanga.

"Basi mafuta ya taa marufuku," Custódio alisema mwishowe, kwa upole. "Moshi wa udi pia. Ngozi yake imekauka, inamwasha, na akili yake haina kazi. Apate maji ya kuoga, matunda, mboga za majani, kitu cha kutafuna, na jua la asubuhi. Akijinyonyoa msimkemee, atadhani mnacheza naye. Mengine nendeni taratibu. Siwezi kuahidi kwamba manyoya yatarudi yote."

Jua ndilo lililoleta shida, kwani Zaida hakuruhusiwa kutoka kukaa naye uani. Alima akaona njia: Chefe akakae kwa Felismina. Zaida alikubali, akalikabidhi tundu akageukia ukuta. Siku zilizofuata alimsikia ng'ambo ya ua, anapiga miluzi, ananyamaza, anapiga tena. Chumba kilikuwa kimya mpaka alisikia mchwa wakitafuna mbao.

Felismina akamrudisha mwenyewe. "Amejing'oa mpaka mapajani. Anakuita wewe, mana. Mimi nashinda sokoni."

Ndipo Zaida akachukua simu, akampigia mwalimu wa kike aliyemfundisha Kurani utotoni, akaiweka sauti juu ili Alima naye asikie. Akauliza kama mjane amekatazwa kukaa uani kwake mchana.

"Uani si nyumbani kwako?" mwalimu alisema. "Kaa kwa stara, usijipambe, usihame nyumba. Nani amekukataza jua?"

Simu ilipokatwa, Zaida alingoja kukaripiwa. Alima alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani.

"Mume wangu alipokufa," alisema, "nilifungiwa chumbani eda nzima. Nilikuwa kijana. Nilipotoka miguu haikunibeba." Akautazama mlango wa uani. "Hakuna aliyeniambia kwamba uani ni halali."

Akainuka, akabeba mkeka, akautandika uani penye jua.

Tangu hapo asubuhi walikaa wote watatu nyuma ya ua wa makuti. Alima ndiye aliyeomba vipande vya mbao kwa ndugu zake waliochukua vyombo vya Amisse, na ndiye aliyejaza sinia la maji. Chefe alioga, akawarushia maji. Vijiti vya manyoya mapya vikachomoza kidarini. Vingine aliving'oa, vingine akaviacha. Zaida alijifunza kutazama pembeni.

Eda ilipokwisha alirudi sokoni, na hakufurahi kama alivyotazamia. Watu walimzunguka, makelele yalimchosha, akafunga meza kabla ya adhuhuri. Nyumbani alikuta manyoya chini ya tundu. Binti yake aliyeolewa Nampula anamwita akapumzike huko, naye hawezi kwenda, maana Chefe akiachwa hujirarua. Siku hizi humpeleka ndege sokoni. Humweka upande wa Felismina, mbali na moshi wa jiko, na wateja hucheka wakiuliza kuku huyo anauzwa bei gani.

Juzi Custódio alipita mezani kwao akamgeuza Chefe mkononi. Upande wa kushoto wa kidari ngozi imekuwa ngumu, haina hata kinyoya.

"Hapa hapataota tena, dona."

"Pabaki hivyo," Zaida alisema. "Damu haitoki tena."

Akamfungia mteja vitumbua vyake.