Mama Ratiba Alivyowapata Wazungumzaji Wake

Nilijiunga na klabu ya bustani ya mtaa wetu kwa sababu moja tu: wanaomwagilia maua hununua ndoo. Mimi nauza vyombo vya plastiki. Nilianza na mabeseni niliyoyabeba kichwani, leo nina duka la milango miwili. Maua siyajui, na sitaki kudanganya. Biashara naijua, na katika klabu ile nzima anayenizidi biashara ni mmoja, jirani yangu, ambaye hauzi kitu.

Tunamwita Mama Ratiba. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi alasiri, klabu hupata mgeni wa kuzungumza. Mwezi huu kupandikiza michungwa, mwezi ujao viwavi, mwingine kuvuna maji ya mvua. Ratiba ya mwaka mzima huwa imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi kabla mwaka haujaanza, na anayewatafuta wageni hao ni yeye. Klabu haina cha kuwalipa. Mgeni hupewa chai na mche kwenye kopo, anapigiwa makofi, anakwenda zake. Na wanakuja. Watu ambao wakubwa wakiwaita hujifanya wagonjwa, kwa Mama Ratiba wanakuja na shati la pasi.

Ujanja huo aliupata kazini. Kabla ya kustaafu alikaa mapokezi ya ofisi moja kubwa, nyuma ya meza ndefu karibu na lifti. Wakubwa walikuwa wakipita bila hata kumsalimu. Akagundua kwamba ukimwita mhasibu mkuu "bwana karani," atasimama hata kama lifti imeshafunguka. Atarudi, ataegemea meza, atakueleza tofauti ya karani na mhasibu, na ukimsikiliza vizuri atakueleza na habari za mkewe.

"Jirani," aliniambia, "ukimwomba mtu akufundishe, hana nafasi. Ukikosea mbele yake, nafasi ataipata hata kama anapelekwa kaburini."

Nimemshuhudia kwa macho yangu. Siku moja tuliingia pamoja dukani kwa mfuga nyuki, mtu wa maneno machache, ukimwambia "habari" anakupa mgongo. Mama Ratiba akainua chupa ya asali, akaitazama kwenye mwanga, akasema kama anayejisemea, "Asali tamu, ila hawa wadudu wanatuharibia maua. Wanayafyonza mpaka yanadondoka."

Mfuga nyuki akaweka kitambaa chini. "Nani kakwambia?"

"Si nayaona kwangu. Nyuki wakija leo, kesho ua liko chini."

"Linadondoka kwa sababu kazi yake imeisha, mama. Tunda linaanza."

"Mh," alisema Mama Ratiba.

Ile "mh" ndiyo iliyomtoa mfuga nyuki nyuma ya kaunta. Akaeleza habari za chavua, akachora kwa kidole juu ya meza, akatokwa na jasho. Mama Ratiba akatikisa kichwa polepole, uso mkavu. "Mimi kidogo naanza kukuelewa, baba. Shida ni wenzangu. Ukumbi mzima unaamini hivyo, na wengine wameshaanza kupuliza dawa."

"Mnakutana lini?" akauliza mfuga nyuki.

Mimi nikitaka kununua kitu hushusha bei. Yeye alishusha akili yake mwenyewe, na bei ikajishusha. Mtaka cha mvunguni huinama, najua, ila sijaona mwingine anayeinama kwa raha namna ile.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumnasa: dada yake mkubwa wa tumbo moja, anayetengeneza mboji upande wa pili wa mtaa. Mboji yake ni nyeusi, laini, inateleza vidoleni kama unga. Klabu ilimtamani miaka mingi. Lakini huyo alimjua mdogo wake tangu ananyonya.

Mwaka huo ratiba ilikuwa inafungwa na somo hilohilo la mboji, na mzungumzaji ni bwana shamba. Asubuhi ya siku yenyewe bwana shamba akapiga simu, au tuseme mkewe ndiye aliyepiga, kwa kuwa bwana sauti ilikuwa imemkauka, hata "ndiyo" haitoki.

Ubaya wake ni huu. Ukumbi ule tunapewa bure, na msimamizi wake ana sharti moja lisilo na mjadala. Nilishawahi kujaribu kumlegeza kwa beseni jipya, akanirudishia. Kikundi kikiacha siku yake ipite bila shughuli, nafasi inakwenda kwa anayesubiri. Na anayesubiri alikuwepo: kikundi cha mazoezi ya viungo, wenye spika kubwa, ambao mwaka mzima walikuwa wakija kuchungulia dirishani na raba zao miguuni. Tukikosa siku ile moja, klabu haina pa kukaa, na ratiba ya mwaka ujao, ambayo Mama Ratiba alikwisha kuanza kuipanga, inakuwa karatasi ya kufungia karanga.

Alikuja dukani kwangu amevaa viatu viwili visivyojuana.

"Jirani, simama wewe. Zungumza chochote."

"Mimi huzungumza nikiuza. Nikizungumza bure nitaugua."

"Huna hata haya."

"Haya haijazi duka. Mpigie dada yako."

Akapiga palepale juu ya kaunta. "Shikamoo Dada. Hivi Dada, nimesikia mboji haitakiwi kugeuzwa kabisa, ati ukiigeuza inakufa."

"Marahaba," sauti ikatoka kwenye simu, hata wateja waliisikia. "Basi usiigeuze, mdogo wangu. Kazi njema." Simu ikakatwa.

Mama Ratiba akaitazama simu. "Kanijua."

"Alikujua kabla hujazaliwa."

"Basi nitasimama mwenyewe," akasema, akijiweka sawa. "Kwani mboji mimi sina?"

Hapo nikajifanya napanga mabeseni, na sababu ninayo. Mboji yake iko nyuma ya ukuta wangu. Hutupa maganda mabichi, huyanywesha maji asubuhi na jioni kama mgonjwa wa homa, kisha huyafunika kwa plastiki na kukandamiza kwa mawe. Harufu yake huruka ukuta bila ngazi. Nilifunga dirisha nikavumilia, maana plastiki ile nilimuuzia mimi, tena nikimsifia kwamba haipitishi hewa hata chembe.

Alipoondoka, nilimpigia dada mtu nikaagiza magunia mawili ya mboji, yaletwe ukumbini alasiri. Kitu kimoja nilikijua: dada yule hauzi gunia. Humwaga mboji, hulikung'uta gunia, huondoka nalo. Akifika itambidi asubiri nimwage, nami nikanuia kuchelewa. Nilidhani akikaa karibu na kuombwa uso kwa uso, pengine atalegea.

Alasiri viti vilijaa. Msimamizi alisimama mlangoni na funguo kidoleni. Nje, watu wa mazoezi walikuwa wameshaanza kunyoosha shingo. Dada akafika na mkokoteni.

"Unamwaga wapi?"

"Subiri wamalize, Dada, tusiwatimulie vumbi."

Akaketi juu ya gunia lake nyuma kabisa, karibu na kiti changu, mikono kifuani. Mbele, Mama Ratiba akasimama.

"Mboji ni kama mgonjwa," akaanza. "Haitaki kusumbuliwa. Maji asubuhi, maji jioni. Kisha unaifunika isipate hewa, maana hewa ndiyo inayoiharibu."

Dada akaninong'oneza, "Mwone. Ananitega."

"Unafikiri?"

"Namjua huyo. Utotoni akitaka nimfulie, alikuwa anafua vibaya makusudi. Leo siinuki."

"Majani makavu msiweke," Mama Ratiba akaendelea, "yanaleta mchwa. Mabichi matupu."

Dada alishika ukingo wa gunia. Nikaona kidole gumba kinazama.

"Na ikianza kunuka, mjue imeiva."

Dada akafumba macho.

Mstari wa mbele alikuwa ameketi fundi cherehani, mwenye mawaridi yanayoshinda ya wote katika klabu. Akainua mkono. "Yangu inatoa na maji meusi. Niyamwage kwenye mawaridi?"

"Hata leo jioni," akajibu Mama Ratiba.

Hilo ndilo lililomshinda dada mtu. Mdogo wake angeweza kusema apendavyo, lakini mawaridi yalikuwa yamekosa nini? Akainuka, akapita katikati ya viti, akamshika mdogo wake kiwiko na kumketisha kama anayemwondoa mtoto jikoni.

"Fundi, ukimwaga maji hayo nitakuja kukucheka kwenye msiba wa mawaridi yako," akasema. Kisha kwangu, "Lete hilo gunia."

Nikalibeba. Akachota mboji kiganjani, akapita nayo kiti kwa kiti. Alieleza kwamba makavu na mabichi hupangwa kwa tabaka. Kwamba unyevu wake uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Kwamba lazima igeuzwe ipumue, na ikinuka haijaiva, inasongwa. Watu waliuliza, akajibu, akawagombeza, wakauliza tena. Msimamizi mwenyewe akavuta kiti, akasema ana mpapai nyumbani unaokataa kuzaa. Halafu akakumbuka kazi yake, akatoka nje kuwaambia watu wa mazoezi waende nyumbani, ukumbi una wenyewe.

Watu walipotawanyika, dada alikung'uta magunia yake. "Umenipata," akamwambia mdogo wake. "Miaka yote nimekukwepa, leo umenipata. Mpaka lile la kunuka ukalisema bila hata kucheka."

Nilimtazama Mama Ratiba. Kwa kitambo uso wake ulikuwa mtupu kama ndoo ya dukani. Kisha akajikusanya. "Ulidhani utakwepa mpaka lini, Dada?"

Mimi nilitazama dari.

Kesho yake nikasikia jembe nyuma ya ukuta, na mtu anakohoa.

"Jirani, una majani makavu?"

"Uwanja mzima. Utanipa nini?"

"Nitakupa hewa safi."

Bei hiyo niliichukua bila kubishana. Nikajaza majani ndoo, nikampitishia juu ya ukuta. Akaipokea, akaimwaga, akabaki anaigeuzageuza mkononi. "Hizi ndoo nyeusi nasikia hupasuka juani upesi kuliko nyeupe."

"Nani kakwambia?" nikasema. "Nyeusi ndiyo inayostahimili jua. Nyeupe ndiyo inayokauka na kukatika." Nikapanda juu ya tofali ili anione vizuri. Nikamweleza tofauti ya plastiki mpya na iliyoyeyushwa mara ya pili, namna ya kubonyeza ukingo, namna ya kuigonga ndoo na kusikiliza mlio wake. Nilikuwa bado na mengi nilipomwona anatikisa kichwa polepole, uso mkavu.

"Mimi kidogo naanza kukuelewa, jirani," akasema. "Shida ni wenzangu."

Kwenye ratiba ya mwaka ujao niko mwezi wa pili. Nimekubali kwa sharti kwamba ndoo zangu zipangwe mlangoni.