Nyimbo Tulizomfichia Mjomba

Mjomba wangu ameuza misumari, bawaba na kufuli hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, tangu sijazaliwa, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kumwambia kwamba ni mtunzi mzuri wa nyimbo. Nayaandika haya kwa uchungu, na uchungu wenyewe una hasira ndani yake, kwa sababu hatukunyamaza kwa ubaya. Tulinyamaza kwa adabu.

Ujanani alikuwa Mombasa, akipiga gitaa katika bendi ya hoteli. Kazi yao ilikuwa kuwaimbia watalii zile nyimbo za kuwakaribisha, wamevaa mashati ya maua, wanatabasamu mpaka mashavu yanauma. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, aliwafundisha wenzake nyimbo alizotunga mwenyewe, na mwishowe wakatoa kanda moja. Magitaa ya umeme, besi, ngoma za kizungu, na maneno ya Kiamu kitupu, Kiswahili chetu cha Lamu. Haikununuliwa. Wapenzi wa taarab walisema magitaa yanapiga makelele. Wapenda dansi walisema haichezeki. Watu wa bara hawakuyaelewa maneno. Nakala chache zilizofika kwetu Amu watu walizizibia vitundu kwa karatasi, wakarekodi maulidi na harusi juu yake. Sisi hatutupi kitu, ila kile chenye thamani.

Kisha babu akafa, na duka likabaki bila mtu. Mjomba akaitwa, akaja, na gitaa hakuja nalo. Akafuga ndevu, akawa hakosi safu ya mbele msikitini. Bibi alipoyaona hayo akakata shauri kwamba mwanawe ametubu, akatuwekea sheria: nyimbo zake zisitajwe mbele yake. "Msitirini," alisema, "na Mungu atawasitiri." Kwetu neno hilo si dogo. Mtu akishayaacha ya ujana wake humkumbushi, na anayemkumbusha ndiye asiyelelewa.

Basi tukamsitiri, na tulimsitiri kisawasawa. Akipiga hodi, redio inazimwa kabla hajavua viatu. Gitaa likilia kwenye televisheni, mtu anakohoa na kuhamia taarifa ya habari, hata kama habari zenyewe ni za bei ya mbolea. Nilikua nikidhani kila nyumba ina kitu kama hicho, na huenda ni kweli.

Mama, ambaye ni dada yake, alikuwa na kanda moja iliyosalimika. Aliifunga ndani ya leso, chini ya nguo zake kabatini. Mjomba akisafiri kwenda Mombasa kuleta bidhaa, mama aliitoa, akaiweka redioni jikoni, akaendelea kukuna nazi. Hakunieleza kitu wala hakuniambia niondoke. Huko ndiko nilikojifunza kusikiliza.

Wimbo wa kwanza hauna utangulizi. Unasikia mtu anavuta pumzi, anaanza kuimba peke yake, na gitaa linamfuata nyuma kama lililochelewa. Ni wimbo wa mtu aliye mlangoni kwa mwenzake. Kiitikio chake chote ni hodi, mara tatu, basi. Mtunzi mwingine angetuambia kwamba mwenye nyumba amekasirika, angelia, angelaumu. Mjomba anaimba hodi ya kwanza juu, ya pili juu zaidi, na ya tatu anaishusha, kama mtu anayejua kwamba baada ya hiyo adabu inamtaka aondoke. Besi peke yake ndiyo inayoendelea kidogo, inatembea, inapotea. Nilikuwa mtu mzima, nami nimekwisha kugombana na niliowapenda, ndipo nilipotambua kwamba ile besi ni miguu yake.

Kuna mwingine wa mapenzi ambao hautaji uzuri wa mtu hata mara moja. Unataja alichopika. Mahali pa jina la mpenzi ngoma zinakatika, kimya kinapita, kisha wimbo unaendelea. Mara ya kwanza utadhani kanda imeharibika. Ukifika ubeti wa mwisho, wewe mwenyewe umeshatia jina la umpendaye mle ndani ya kimya. Nimesikia watunzi wengi wanaosifiwa wakimwaga sukari kwa vikombe. Huyu alijua kuacha.

Mama alipofariki, niliichukua kanda. Nilihofia isije ikaliwa na mashine, nikampelekea mwalimu mwenzangu shuleni, Mkristo wa bara anayepiga kinanda kanisani, na ambaye ana kifaa cha kuhamisha kanda kuingia kwenye simu. Siku ya pili nilimkuta katika chumba cha walimu, visikilizio masikioni, chai imepoa.

"Madam, hawa ni nani?" akaniuliza. "Hii kitu ni kali. Mbona haijulikani?"

Nikamwambia ni mjomba wangu, yule mwenye duka la misumari. Nilijivuna kusema kweli. Nilikuwa nimeisubiri sentensi ile maisha yangu yote, kumsikia mtu mwingine akiisema. Lakini sikumwambia habari ya sheria ya bibi. Sheria yenyewe haikuandikwa mahali, na mimi nilikuwa nimeizoea mpaka nikaona kila mtu anayo.

Jumamosi yake mwenzangu alikwenda dukani kununua kufuli. Akamshika mjomba mikono yote miwili, akampongeza mbele ya wateja kwa kanda yake, akamwambia besi ya wimbo wa kwanza imemliza. Jumatatu alinisimulia akicheka kwa furaha. Jioni hiyo hiyo mjomba akatuma mtu niitwe.

Niliingia dukani nimejipanga kuomba radhi. Niliogopa kwamba tumemvunjia heshima mzee wa watu uzeeni mwake, na kwamba bibi kaburini ananitazama. Alikuwa ameketi nyuma ya mizani, kofia mapajani.

"Ndoo hapa, mwanangu. Keti. Yule mwalimu kaisikia wapi kanda yangu?"

"Ni ya mama, Mjomba. Alikuwa nayo."

"Akiisikiza?"

"Kila ukisafiri. Mimi naye, jikoni. Naijua yote kwa moyo."

Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Na mbona hakunambia?"

"Bibi alisema umetubu. Akatwambia tusikutajie, tukusitiri."

"Nitubu ni? Nitubu kitu gani?" akasema. "Swala nalikiswali hata kule hotelini. Nalirudi kwa kuwa baba amekufa na duka halina mtu. Mimi naliona hamkuzipenda. Nikiingia mwaizima redio. Nikasema, hawa nyimbo zangu zimewatia haya, hata gitaa la mtu mwingine hawataki nilisikie. Basi, nikanyamaa na mimi."

Yeye alikuwa akinyamaza kwa sababu yetu, na sisi kwa sababu yake, na kila upande ukiuheshimu mwingine. Mama aliipenda kanda ile kuliko dhahabu zake. Alikuwa akimwandalia kaka yake chai, anamuuliza habari za misumari, na maneno mengine yote anayameza. Akafa nayo. Mimi nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kuvuka kichochoro na kumwambia.

"Nalikuwa na zingine," akasema mjomba. "Za kujaza kanda nzima. Nalizitunga hapa, nikipima misumari. Nalisubiri mtu moya aniulize."

"Ziko wapi?"

"Sikuziandika. Naliziweka kitwani, nikizipitia moya moya wateja wakiwa hawapo. Kisha nikachoka kuzipitia."

Nikamwomba aniimbie mojawapo, yoyote. Alikataa, akasema sauti imekwisha. Nikamsihi. Akafumba macho, vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kubonyeza ukingo wa meza, vikitafuta nyuzi, na akaimba:

"Ukiamka kabla yangu, niamshe na mimi nione."

Sauti ilikuwa yenyewe, ya kwenye kanda, imekwaruzika tu. Akavuta pumzi ya mstari wa pili. Mdomo ukabaki wazi. Akavumisha sauti kidogo bila maneno, akarudi nyuma, akaivumisha tena, vidole vikasimama.

"Hapo palikuwa na neno zuri," akasema.

Nikamwambia ajaribu wimbo mwingine. Akatikisa kichwa. Nikatoa simu, nikamwomba aniimbie tena huo mstari, nipate kuuweka. Akavaa kofia yake, akaketi wima, akasafisha koo, akaniuliza kama simu iko tayari. Kisha akauimba ule mstari mmoja polepole, akilitamka kila neno, nisije nikakosa kitu.