Sufuria Niliyoirudisha Tupu

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, na mama jirani wa pale Igoma pamoja na wanawe watatu. Wazazi wetu walikuwa wameshazikwa, nami nilikuwa bado nasoma.

Asubuhi mwalimu alitufundisha neno "surplus". Waingereza, alisema, walilitoa kwa Wafaransa, nao kwenye Kilatini: juu, na zaidi. Ni kile kinachobaki watu wakishashiba.

Jioni mama jirani akaleta sufuria ya mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, ambayo yeye aliikaanga na kuiuza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pokea, yamezidi. Yataniozea bure."

Nikawaambia wadogo zangu kwa majivuno kwamba hiyo ndiyo surplus. Tulifyonza mpaka vichwa.

Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, lakini sikuwa na hata kiganja cha unga. Nikaiosha sufuria, nikaipeleka hivyo hivyo. Nikawakuta wanawe wakila ugali kwa chumvi.

"Weka hapo," akasema mama yao. "Na usinitazame hivyo. Kalale, kesho shule."

Leo nakaanga mapanki ya kuuza, miguu inaniwaka moto tangu alfajiri. Binti wa mdogo wangu ameinua kichwa kwenye daftari.

"Mama mkubwa, surplus ni nini?"

Nimemjibu kama yule mwalimu wetu, ili apate vema. Mama jirani alishahamia Kiseke. Sufuria yake sijaijaza bado.