Kiuno cha Otieno: Kutoka Kisumu Ndogo hadi Kabiro

Niliondoka kwangu Kisumu Ndogo, Kibera, Jumamosi kwa sababu ya tumbo la kakangu Otieno. Mimi ni fundi wa nguo, tena mhudumu wa afya wa mtaani. Mafunzoni tuliambiwa kwamba mizani haijui mafuta yamekaa wapi. Ya mapajani hayatishi sana. Yanayojificha tumboni, kando ya ini na utumbo, ndiyo yanayowapeleka watu kaburini mapema. Nilipompigia simu, Otieno alicheka. "Kilo zangu ziko sawa, sista." Kweli, mikono yake ni myembamba lakini tumbo limetokeza, kama baba yetu, aliyeanguka akafa huku watu wakisema alikuwa mzima.

Saa mbili asubuhi nilishika njia kwa miguu, nikavuka Ngong Road kabla jua halijawa kali. Njiani nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia. Yote niliyaona mepesi.

Saa nne niliingia Kabiro, anakofanya kazi kakangu. Otieno ni seremala. Nilimkuta akipiga randa ubao wa kitanda pamoja na mwenzake Mukhwana.

"Niaje, sista! Umekuja kunipima kama maiti?"

"Nimekuja ili nisikupime kama maiti."

Mukhwana alicheka. Otieno aliweka randa chini. Nilikata uzi sawa na urefu wake, utosini hadi kisiginoni, nikaukunja nusu, nikauzungusha kiunoni. "Ncha zikikutana, uko salama." Hazikukutana, pengo lilitosha kiganja kizima. Nikampima Mukhwana, pande la mtu mwenye mapaja kama magogo, anayemzidi kilo nyingi. Zake zilikutana zikapitana.

Otieno akavua aproni. "Twende hosi."

Saa sita tulikuwa zahanati. Nesi alipima sukari, akapima presha mara mbili. Zote zilikuwa juu. "Lakini mmewahi," alisema. "Nani alikwambia uje?"

Otieno alinyoosha mgongo. "Huyu hapa. Ni dadangu, daktari wetu wa Kibera."

Sikumsahihisha.

Jioni nilirudi nyumbani miguu ikiniuma, kichwa juu. Nimejifunza kwamba mtu hubishana na maneno ya ndugu yake, lakini habishani na mwili wake akiuona kwa macho. Otieno anameza dawa zake, na mshipi wake ameutoboa matundu mawili mapya ya kuukaza kwa msumari. Juzi alinipigia asubuhi na mapema: "Sista, kuja haraka. Nimepanga laini ploti nzima uwapime kiuno kwa uzi, na landlord ndiye wa kwanza."