Mkono wa Kulia

Msimamizi wetu wa zamani simpendi, na sitaki mtu aniambie nimsamehe eti kwa sababu muda umepita. Padri ameniambia, mama ameniambia, nikawaitikia wote kwa heshima. Kisha nikakutana na yule mtu dukani pale Rahaleo, akanisalimia kwa furaha kama ndugu, na damu ikanichemka upya.

Tulikuwa waosha malori katika yadi ndogo jirani na Bandari ya Mtwara. Malori mengi huja na makaa ya mawe, na lori lililobeba makaa halipakiwi magunia ya korosho mpaka lisafishwe likatakata. Msimu wa korosho ukianza, foleni inatoka getini hadi barabarani, madereva wanapiga honi na kutukana. Tuliosha kwa mashine ya presha. Maji yanatoka kwenye bunduki yake kwa nguvu ya kubandua rangi kwenye bati, na sisi tuliishika kwa glovu za kuoshea vyombo, maana ndizo tulizopewa.

Bunduki hiyo inabanwa kwa vidole. Ukiachia, maji yanakatika, na imetengenezwa hivyo makusudi, ili ikikuponyoka isimdhuru mtu. Lakini ukibana kutwa nzima vidole vinakufa ganzi. Kwa hiyo pale yadini kulikuwa na desturi: unachukua ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, unaifunga bunduki ibaki imebanwa, maji yanatoka mfululizo bila wewe kujichosha. Tuliita kuilaza bunduki. Kanda hizo alizikata msimamizi mwenyewe kwa wembe na kuzitundika kwenye msumari mlangoni mwa ofisi yake. Sote tulifunga. Asiyefunga alichelewesha lori, na aliyechelewesha lori alitukanwa mpaka bibi yake aliyeko kaburini.

Kwenye tangi la mashine kulikuwa na picha ya kiganja kinachotobolewa na maji, imepigwa mstari mwekundu. Haikuhitaji shule kuielewa. Msimamizi alibandika juu yake kibandiko cha timu yake ya mpira.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mwanamume wa Mahurunga, mkulima wa mpunga aliyekuja mjini msimu wa malori na kurudi kwao msimu wa kulima. Alikuwa mpole hadi ananiudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mchana tulikula sote sinia moja, naye alikuwa na kawaida ya kusogeza samaki upande wangu, akisema watu wa bara tunakula polepole tutakufa njaa pwani. Nilizaliwa hapahapa Mtwara, baba yangu ndiye aliyekuja kufanya kazi bandarini, lakini kwake nilikuwa mtu wa bara na hakukuwa na rufaa.

Asubuhi moja alikuwa ndani ya bodi la lori, anaosha. Bomba la maji lilinasa kwenye tairi, akalivuta kwa nguvu, bunduki ikamponyoka. Kama isingefungwa, ingezima na kulala pale chini. Ilikuwa imefungwa. Ikaanza kujirusha huku na huku ndani ya bodi, naye badala ya kuruka akaikamata, kwa kuogopa isije ikavunjika akasemwa. Nilikimbilia mashine nikaizima.

Aliteremka taratibu, akavua glovu, akanionyesha kiganja cha kulia. Palikuwa na alama ndogo kama ya mwiba. Damu haikutoka hata tone. Lakini kidole cha kati kilikuwa kimepauka, cheupe kabisa, na alipojaribu kukikunja hakikukunjika.

"Nkono siusikii, dada," akaniambia, kama vile anaomba msamaha.

Nikampeleka ofisini. Msimamizi aliutazama ule mkono bila kuinuka.

"Hiyo ndiyo ajali? Mwanangu akichezea wembe anatoka damu kuliko hiyo. Weka spiriti, lori linasubiriwa."

"Bosi, kidole kimekufa rangi. Aende hospitali sasa hivi."

"Tangu lini wewe ni daktari? Mkienda hospitali wote, nani ataosha? Mimi?"

Nikatoka hadi kwenye mashine, yeye akinifuata kwa nyuma. Nikakikwangua kile kibandiko kwa kucha mpaka picha ikaonekana, nikamwambia aitazame vizuri. Alitazama mabaki ya kibandiko chake pale chini, akasema nitakilipa. Naapa, hilo ndilo lililomuuma.

Nilipandisha sauti, na madereva wakaanza kusogea. Hapo ndipo mwenzangu alipofanya kosa ambalo ni yeye tu angelifanya. Aliona aibu kwamba watu wanagombana kwa sababu yake.

"Basi, dada, msikosane. Nitaoshea kushoto."

Akapanda lorini, akaiweka bunduki kwenye mkono wa kushoto, akaosha. Nilimfokea yeye pia. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alitabasamu na kuendelea, na ule wa kulia aliuning'iniza pembeni.

Mchana tulizunguka sinia. Aliunyoosha mkono kumega ugali, vidole vikakataa kufumba. Kiganja kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na pale penye alama ngozi ilikuwa inaingia weusi. Watu wakaacha kula. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimvuta kwa mkono mzima hadi kwenye bajaji.

Daktari alipasua siku hiyohiyo. Maji yalikuwa yameingia ndani na sabuni na vumbi la makaa, yakatambaa hadi kwenye kifundo cha mkono. Aliniuliza ilitokea lini, nikamwambia asubuhi. Akaniuliza tulikuwa wapi mpaka muda ule. Nikalia kwa hasira mbele ya wauguzi. Vidole vitatu vilikatwa. Kidole gumba na cha mwisho vilibaki, vimejikunja.

Msimamizi hakufika wodini. Alisema jamaa alikuwa anacheza na bunduki, na kwamba mtu wa mkono mmoja hana kazi pale. Niliacha kazi kwa matusi ambayo naamini aliyastahili yote. Kanda za mpira niliziacha zikining'inia msumarini, na sidhani kama kuna aliyeziondoa.

Mwaka huu mama wa mwenzangu alifariki, nikaenda Mahurunga kuhani. Wanawake tulikaa upande wetu, lakini uwanja ulikuwa mdogo na niliona kila kitu. Yeye alikaa mwanzo wa jamvi, mkono wa kulia ameuficha kwenye kanzu. Kila aliyekuja kumpa pole alinyooshewa wa kushoto, pamoja na neno samahani. Watu wa kwao walishazoea.

Msimamizi naye akaja, maana msiba hauhitaji mwaliko. Kanzu imepigwa pasi, manukato yametangulia. Alinyoosha wa kulia, akapewa wa kushoto, akaurudisha mkono wake.

"Vipi, baba? Msibani unanipa ntu mzima kushoto?" alisema, akiiga lafudhi ya wenyeji ili achekeshe. "Adabu za wapi hizo?"

Nilimkazia macho nikitafuta ubaya usoni mwake, nikaukosa. Alikuwa amesahau. Miaka yote hii nimeibeba hasira ile, naye hakukumbuka hata kidogo.

Nilishasimama. Nilikuwa tayari kuuharibu msiba wa watu bila haya. Lakini mwenzangu alinitangulia.

"Kweli, bosi," alisema kwa upole uleule. "Si adabu."

Akautoa wa kulia kwenye kanzu, akamnyooshea. Msimamizi aliutazama, tabasamu likamtoka. Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu, watu wanasubiri zamu, na wote walikuwa wanamwangalia. Ilimbidi aushike.

"Pole," akasema.

"Nishapoa," akajibu mwenzangu, na hakumwachia.